Mzee wa Obu na swali la nani alikuwa akimwangalia

Tarehe 7 Desemba 2007, saa kumi na moja na dakika 47 jioni, treni ya kampuni ya JR Tokai ilimgonga na kumuua mzee wa miaka 91 katika stesheni ya Kyowa, mkoa wa Aichi, nchini Japani. Mzee huyo alikuwa na demensia, maradhi ya kusahau yaliyokuwa yamemwandama kwa miaka kadhaa. Alitoka nyumbani kwake mjini Obu kiasi cha saa moja kabla, bila mtu kumwona. Baadaye kampuni ya reli ikaidai familia yake yen 7,197,740, zikiwa ni gharama za kuwahamishia abiria kwenye usafiri mwingine na malipo ya ziada ya wafanyakazi waliobakishwa kazini kwa ajili ya ajali hiyo. Familia haikulipa. Kampuni ikafungua kesi, na kesi ikapanda ngazi zote tatu za mahakama hadi Machi 2016.

Wanasheria wa Japani wanakisoma kisa hiki kama kesi ya fidia, na wana haki, kwa sababu kilibadilisha jinsi sheria yao inavyoitazama familia inayouguza. Mimi nakisoma kwanza kama kisa cha mtu kupotea. Mahakama mbili za mwanzo ziliuliza swali ambalo hata sisi hukimbilia kuliuliza mzee anapotoweka: nani alikuwa akimwangalia? Nikiifuata saa ile moja hatua kwa hatua, naona swali hilo linaishia mlangoni, na mzee hakufia mlangoni.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana hapa ndipo hukumu nyingi za haraka hutolewa. Mzee alizaliwa 1916, akafanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima, kisha akawa dalali wa nyumba na viwanja. Nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na stesheni ya Obu, ikiwa na chumba cha ofisi kilichofungukia barabarani. Dalili za kusahau zilianza kuonekana mwaka 2000. Mwaka 2002 familia ilikaa kikao: mke wa mzee, mtoto wao wa kiume wa kwanza aliyekuwa akiishi Yokohama, mke wa huyo mtoto, na dada wa huyo mtoto, aliyekuwa na uzoefu wa kazi ya kutunza wazee. Waliamua kwamba mkamwana ahame Yokohama peke yake, apange karibu na wakwe zake, amsaidie mama mkwe kumtunza mzee. Akahama. Mumewe akabaki Yokohama kwa ajili ya kazi yake, na katika miaka ya mwisho alikuwa akija Obu mara kadhaa kwa mwezi.

Ndoa iliyotenganishwa na mamia ya kilomita kwa ajili ya baba mkwe ni mzigo ambao familia nyingi, Japani na kwetu, zisingeubeba. Na mkamwana huyu hakuwa mtu wa kukaa tu na mgonjwa. Mzee alipotaka kutoka, alimzungumzisha mpaka atulie, na aliposhindwa kutulia, waliongozana kutembea. Alimshonea kwenye koti na nguo nyingine kitambaa chenye jina la mzee na namba ya simu yake yeye mkamwana. Familia ilikwenda polisi mapema na kuacha namba za kupigiwa. Mtoto wa kiume alifunga kihisi mlango mkuu, na kengele yake ikawekwa karibu na mto wa mama yake ili imwamshe usiku mzee akitoka. Walijaribu hata kufunga geti kwa kufuli. Mzee akalitikisa kwa nguvu mpaka wakaogopa ataumia, wakaacha.

Siku sita kwa wiki mzee alipelekwa kituo cha kutunzia wazee mchana. Chini ya bima ya matunzo ambayo Japani iliianzisha mwaka 2000, mwanzoni mwa 2007 aliwekwa daraja la nne kati ya matano ya kuhitaji msaada. Walizungumza kumpeleka kwenye makao ya wazee. Yule dada mwenye uzoefu akasema kumhamisha kungemzidishia kuchanganyikiwa, na nafasi isingepatikana kwa miaka. Wakaamua abaki nyumbani. Wakati huo mke wake, bibi wa miaka 85, naye alikuwa ameshapewa daraja la kwanza la kuhitaji matunzo. Viungo vyake vilikuwa vimedhoofika. Huyu ndiye ambaye baadaye mahakama ilimlaumu kwa kusinzia.

Kabla ya siku ya ajali mzee alikuwa ameshapotea mara mbili, na naziona mara hizo mbili kuwa ndizo moyo wa kisa kizima. Agosti 2005 alitoka alfajiri peke yake akatembea hadi duka moja lililo mwendo wa dakika kama ishirini, na mwenye duka akapiga simu. Desemba 2006 alitoka usiku wa manane, akapanda teksi. Dereva alipomsikia akizungumza alitambua kwamba abiria wake ana tatizo la akili, akamshusha kwenye duka linalokesha, na msimamizi wa duka akaita polisi. Saa tisa usiku mzee alikuwa kwake.

Mara zote mbili ulinzi wa nyumbani ulishindwa. Mara zote mbili mzee alirudi salama. Hakuokolewa na kufuli wala kengele. Aliokolewa na mwenye duka na dereva wa teksi, watu wasiomjua hata kwa jina, waliomtazama mara moja wakaona jambo haliko sawa, kisha wakafanya kitu.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na nusu hivi jioni mzee aliletwa nyumbani kutoka kituo cha mchana. Alikaa ofisini na mkewe na mkamwana. Mkamwana akatoka kwenda kusafisha mlangoni, kwani mzee alikuwa amekojolea boksi la karatasi ngumu nje ya nyumba. Bibi akabaki naye, akapitiwa na usingizi kwa dakika chache. Mzee akainuka, akatoka kwa mlango wa ofisi. Mlango huo nao ulikuwa na kengele, iliyokuwepo tangu zamani, lakini umeme wake ulikuwa umezimwa.

Hakuwa na pesa mfukoni. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba aliingia stesheni ya Obu, akapita kwenye geti la tiketi, akapanda treni, akashuka kituo kinachofuata, Kyowa. Hapo akatembea hadi mwisho wa jukwaa, akafungua mlango wa uzio uliokuwa haukufungwa kwa kufuli, akashuka ngazi hadi kwenye njia ya reli. Kwa nini alishuka huko, hakuna shahidi wa kutueleza. Huenda alitafuta pa kukojoa.

Hesabu vizuizi alivyovipita. Cha nyumbani ni kimoja, mlango wa ofisi. Baada ya hapo kuna geti la tiketi na wafanyakazi wake, abiria wa saa ya watu kutoka kazini, behewa zima la treni, jukwaa la Kyowa, na ule mlango wa uzio. Mwaka uliotangulia mtu mmoja tu, dereva, alitosha kuikata safari. Safari hii alipita katikati ya umati wa watu, ndani ya eneo la kampuni iliyokuja kuidai familia yake fidia, na hakuna aliyemuuliza, “Mzee, unakwenda wapi?” Siwalaumu abiria wale mmoja mmoja. Mzee aliyevaa vizuri na anayetembea kwa uhakika haonyeshi alama yoyote, na mtu mwenye demensia mara nyingi hutembea hivyo hasa, kama mwenye shughuli ya kuwahi. Mchana unapokwisha wengi wao huingiwa na wasiwasi kwamba wanatakiwa kuwa mahali fulani: kazini, au nyumba waliyokulia. Mtu wa namna hiyo hapotei machoni pake mwenyewe. Ana anakokwenda. Ndiyo maana kumtambua kunahitaji jicho lililofundishwa, na mwaka 2007 stesheni haikuwa na jicho hilo.

Mahakama ya Wilaya ya Nagoya ilitoa uamuzi Agosti 2013. Kampuni ilikuwa imemshtaki mke na watoto. Mahakama iliwaachia watoto wengine, ikawabebesha mke na mtoto wa kwanza deni lote. Mke alikosea kwa kuacha kumtazama mumewe. Mtoto, kwa kuwa ndiye aliyeamua mambo makubwa ya matunzo, ndiye aliyekuwa msimamizi halisi, na alipaswa kuwasha ile kengele ya ofisini au kuajiri mtu. Nchi nzima ilishtuka. Familia zilizokuwa zinauguza wazazi nyumbani ziliisoma hukumu hiyo zikaelewa jambo moja: ukimchukua mzazi wako mwenye demensia ukaishi naye, dakika kumi za usingizi zinaweza kukumalizia akiba ya maisha. Na ukimfungia ndani, hakuna atakayekudai kitu.

Mahakama ya rufaa ya Nagoya, Aprili 2014, ilimwondolea mtoto dhima na kumpunguzia mama deni kwa nusu, yen 3,598,870. Msingi wake ulikuwa kwamba mke na mume wana wajibu wa kusaidiana, kwa hiyo mke ndiye msimamizi. Lakini mahakama hii ilisema jambo ambalo ya kwanza haikulipa uzito: kama stesheni ingewaangalia abiria wake vizuri, na kama mlango wa mwisho wa jukwaa ungekuwa na kufuli, ajali ingeweza kuepukwa. Kwa mara ya kwanza jicho la sheria lilitoka nje ya nyumba likatembea hadi Kyowa.

Tarehe 1 Machi 2016 Mahakama ya Juu ikafuta deni lote. Ilieleza kwamba wajibu wa wanandoa kusaidiana ni wajibu wao wao kwa wao, haumfanyi mmoja kuwa mdhamini wa mwenzake kwa watu wa nje. Kuwa mtoto wa kwanza pia hakumfanyi mtu msimamizi wa kisheria. Mtu anaweza kuwajibika kama msimamizi pale tu hali halisi inapoonyesha kwamba ameuchukua usimamizi huo na anauweza. Hapo mahakama itatazama mambo mengi kwa pamoja: afya yake mwenyewe, kama anaishi na mgonjwa, nani anashika mali za mgonjwa, matunzo yanatolewaje, mgonjwa ana mienendo gani. Bibi wa miaka 85 anayehitaji kusaidiwa mwenyewe hakuwa na uwezo huo. Mwanamume aliyekuwa Yokohama naye pia.

Majaji wote watano walikubaliana kwamba familia isilipe. Wawili kati yao, Okabe Kiyoko na Otani Takehiko, walifika hapo kwa njia nyingine. Kwao, mtoto wa kwanza alikuwa kweli katika nafasi ya msimamizi, ila alikuwa ametimiza wajibu wake, kwa kuwa mpango wa matunzo aliousimamisha ulikuwa wa maana na wa kutosha. Nimeirudia hoja hii mara nyingi, na naiona ina nguvu kuliko ya wengi wao. Kipimo cha wengi kina mwiba ndani yake: kadiri unavyokaa karibu na mgonjwa, ukishika fedha zake na kuamua matunzo yake, ndivyo unavyosogea kuitwa msimamizi. Anayekaa mbali na kutopokea simu yuko salama. Njia ya majaji wawili inamwambia anayetunza kwamba akifanya yanayowezekana kwa mtu wa kawaida, sheria itamwona kuwa amefanya.

Kuna mtu mmoja ambaye hukumu zote tatu zinamtaja kila ukurasa na hakuna iliyomgusa: mkamwana. Hakushtakiwa. Yeye ndiye aliyehama mji, aliyeshona vitambaa, aliyekuwa mlangoni akifuta mkojo wakati mlango mwingine ukifunguka. Katika familia nyingi, kule na huku, mzigo wa mzee humwangukia mwanamke aliyeolewa humo, na sheria inapotafuta mwenye mamlaka humpita kana kwamba hayupo. Safari hii kutoonekana kulimwokoa. Bado ni kutoonekana.

Hukumu ya 2016 iliacha shimo. Kama familia hailipi na mgonjwa mwenyewe hawezi kuwajibika, aliyeumizwa anakwenda wapi? JR Tokai ni kampuni kubwa, ingeweza kuimeza hasara. Lakini fikiria mzee amegongana na mwendesha baiskeli, au ameacha jiko likaunguza nyumba ya jirani. Jibu lilitoka kwenye miji. Novemba 2017 mji wa Yamato, mkoa wa Kanagawa, ulianza kuwalipia bima ya ajali wakazi wenye demensia waliosajiliwa katika mtandao wa mji wa kutafuta waliopotea. Mji wa Obu wenyewe, ambao kwa miaka mingi umekuwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya wazee, ulipitisha sheria ndogo yake kuhusu demensia mwezi uliofuata. Kobe ikaenda mbali zaidi mwaka 2019: kila mlipakodi anaongezewa yen 400 kwa mwaka, na fedha hizo zinagharimia uchunguzi wa bure wa demensia na bima ya ajali, pamoja na malipo ya pole kwa mkazi aliyeumizwa hata pale ambapo hakuna anayewajibika kisheria. Yen 400 haizidi bei ya bakuli la tambi la bei nafuu. Kwa kiasi hicho mji mzima umelibeba deni ambalo Nagoya ilikuwa imemtwika bibi mmoja.

Fidia, hata hivyo, huja baada ya kifo. Upande wa kuzuia kupotea una historia ndefu zaidi. Kushiro, mji wa bandari katika kisiwa cha Hokkaido, ulianzisha mtandao wake mwaka 1994 baada ya mama mmoja mwenye demensia kupotea na kukutwa amekufa. Polisi wakipokea taarifa, wanaipeleka mara moja kwa kampuni za teksi, redio ya mji na wengine walioko barabarani muda wote. Hebu mkumbuke dereva wa 2006: Kushiro iliuchukua ule wema wa bahati ikaugeuza kuwa utaratibu. Omuta, mkoa wa Fukuoka, tangu 2004 hufanya mazoezi: mtu anajifanya mzee aliyepotea, anatembea mitaani, taarifa zake zinatumwa kwa wakazi, nao wanajifunza kumsogelea na kuzungumza naye. Zoezi hilo nalithamini kuliko vifaa vyote, kwa sababu ugumu mkubwa uko hapo hapo. Wengi wetu tukimwona mzee anayetangatanga huwa tunahisi kitu, kisha tunaona aibu kumuuliza. Namna nayo ina uzito: kumjia kwa mbele, polepole, umwamkie, umuulize anakokwenda bila kumbishia. Ukimwambia “hapa si kwako, umepotea”, anaweza kukasirika na kuongeza mwendo.

Tatizo halijapungua. Mwaka 2012, polisi wa Japani walipoanza kuhesabu, taarifa za kupotea kwa watu wenye demensia zilikuwa 9,607. Mwaka 2023 zilifika 19,039, na katika mwaka huo watu zaidi ya 500 walipatikana wakiwa wamekufa. Wengi wa wanaopotea hupatikana siku hiyo hiyo au kesho yake. Wanaokufa mara nyingi huuawa na baridi, maji au barabara, wengine karibu kabisa na nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna kampuni ya reli iliyomshtaki mjane. Hatari ya anayekutana na mzee ni ya namna nyingine, na ni mbaya zaidi. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayeonekana alfajiri katika boma la watu wengine, hawezi kueleza amefikaje, anajisemea peke yake, hizo ni dalili ambazo daktari angezisoma kuwa demensia na kundi lenye hasira linazisoma vingine. Mzee wa Obu, laiti angezaliwa huko, huenda asingefika hata kwenye stesheni. Ndiyo maana naona jirani kuujua ugonjwa wa mzee wako ni ulinzi, na kuuficha kwa kuona haya ni kumwacha bila ulinzi huo. Familia ya Obu ilikwenda polisi kabla ya siku ya shida ikasema wazi, mzee wetu anasahau, akionekana tupigieni.

Na vyombo vya kuanzia tunavyo. Kijiwe cha bodaboda kinaona kila anayepita, na makondakta wa daladala na matatu ndio dereva wa teksi wa 2006 waliozidishwa mara mia. Spika ya msikiti, matangazo ya kanisani, redio ya eneo na makundi ya WhatsApp hutangaza mzee aliyepotea kwa dakika chache, bila yen wala bima. Kinachokosekana ni kuviandaa mapema: picha ya karibuni iliyo tayari kwenye simu za watu zaidi ya mmoja, namba iliyoshonwa ndani ya kanzu au kwenye pindo la leso, sehemu alizowahi kuishi na kufanya kazi zikiwa zimeandikwa, kwa kuwa huko ndiko miguu itakakoelekea. Mzee akitoweka, mmoja abaki nyumbani asije akarudi akakuta kumefungwa, mwingine aende kijiweni, wa tatu aende polisi muda huo huo. Wapo wanaoamini lazima zipite saa 24 kabla ya kupiga ripoti. Mzee wa Obu hakuwa nazo. Alikuwa na kama saa moja.